Ufunguo wa tatu: barua ya wazi kwa wakuu wa chuo chetu

Kwa Baba Askofu, Katibu Mkuu wa Dayosisi, Mkuu wa Chuo, na wajumbe wote wa Baraza la Chuo.

Tumsifu Yesu Kristo.

Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Waliobaki, na mmekuwa wengi maana miaka imekwenda, nawasalimu kama mama yenu. Wawili kati yenu niliwafundisha Zaburi ya 23 katika shule ya Jumapili. Mmoja alikuwa hatulii kitini, ila aliishika mpaka mwisho.

Dayosisi siitaji, wala chuo. Wenyewe mnajijua, na sipendi jina la nyumba yetu lizungushwe kwenye simu za watu. Langu mnalo tayari: liko chini ya kila stakabadhi iliyotoka Umoja wa Wanawake wa usharika wetu kwa miaka kumi na minane, pale palipoandikwa "Mwekahazina".

Waraka wenu ulisomwa ibadani kati ya matangazo ya ndoa na taarifa ya sadaka. Kila mwanamke shilingi 20,000, kila usharika ukusanye na kuwasilisha jimboni kabla ya Majilio. Kwa ajili ya nini? "Maendeleo ya chuo." Basi. Mama aliyekaa kando yangu akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Na lile bweni?" Nikafungua kitabu cha nyimbo, nikajifanya natafuta namba.

Kitendo kile kimeninyima usingizi. Jibu nilikuwa nalo.

Kwa wajumbe wapya ambao huenda hawajui, miaka kumi iliyopita chuo kilituomba sisi wanawake tujenge bweni la wasichana. Lilikuwa ombi zuri, nasi tulilielewa mara moja. Vitanda vya chuo vilikuwa vichache na karibu vyote vya wavulana, kwa sababu chuo kilipoanza wanafunzi wengi walikuwa wavulana. Mabinti walikuwa wanapanga mitaani, wawili au watatu chumba kimoja, choo cha nje, mlango wa bati unaofungwa kwa kamba.

Mmoja alikaa kwangu. Alitoka mbali, safari ya siku mbili kwa basi, nikampa chumba cha nyuma nilichokuwa nawekea kahawa. Sikumtoza kodi, alikuwa ananisaidia kukamua ng'ombe, kazi aliyoijua kuliko mimi. Boom, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, na lilikuwa linachelewa, tulikula ndizi zangu. Usiku alisoma maktaba mpaka saa nne, kisha akarudi kwa njia ya kwenye migomba. Siku moja wakamsubiri humo. Wakachukua simu na kompyuta mpakato yenye kazi yake yote ya mwaka wa tatu. Hawakumwumiza, tukamshukuru Mungu kwa hilo. Ila tangu siku ile hakukanyaga tena maktaba baada ya jua kuzama, na muhula ule akapata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, yeye aliyekuwa akiongoza darasa.

Niliposimama kwenye mkutano wa wanawake wa jimbo kueleza habari ya bweni, sikuhotubia. Nilisimulia hayo tu. Kina mama wakaanza kufungua mafundo ya kanga palepale.

Sijui kama ninyi mnaokaa mezani mnafahamu fedha ile ilivyopatikana. Kwenu inafika ikiwa hundi. Hundi ile ilianzia kwenye mnada, baada ya ibada ya pili, kwenye kivuli cha mparachichi. Mzee wa kanisa ameinua yai moja juu, kila mtu alione. Elfu mbili ya kwanza. Elfu tatu. Mjane mmoja analinunua kwa elfu nne, analipa, analishika kidogo mkononi, halafu anasema, "Nalirudisha, liuzwe tena." Yai lilelile likauzwa mara tano, na wa mwisho kulinunua alikuwa mwalimu, akalifunga kwenye leso akampelekea mama yake mgonjwa. Ilitoka kwenye mikungu ya ndizi iliyobebwa kichwani kutoka mtaa wa juu, na mwanamke ambaye mkungu wa pili kama ule ndio uliokuwa daftari na kalamu za watoto wake. Ilitoka kwenye sare: tulinunua vitenge vyenye waridi la Luther, nembo yetu Walutheri, kwa bei ya jumla Kariakoo, tukauziana wenyewe kwa wenyewe kwa faida ya elfu tatu kila doti. Yaani tulijitoza kodi, tukaishona, tukaivaa. Ilitoka kwenye vitumbua vya siku ya kipaimara, na kwenye buni tulizookota chini ya mibuni baada ya mavuno, zile ambazo waume zetu wanaona si kitu.

Haba na haba ikajaza kibaba kweli. Msingi ukachimbwa, jiwe la msingi likawekwa kwa matarumbeta na kwaya tatu. Kuta zikapanda hadi kwenye lenta. Zikasimama hapo.

Ziko hapo hadi leo. Nilipita mwezi wa tano. Katika kile ambacho kwenye ramani ni chumba namba sita pameota mpera, nao umeshazaa. Watoto wa jirani wanakwenda kuchuma.

Hatukuambiwa kilichotokea. Nilikuja kujua kwa mhasibu mmoja, tena kwenye korido, naye aliniambia kwa nia njema. Mwaka ule wanafunzi walipungua, ada haikutosha, mishahara ya wahadhiri ikakwama miezi mitatu. Fedha ya mbao na bati ilikuwa benki. "Ikakopwa," alisema. Aliyetukopa ni nani, kwa makubaliano gani, atarudisha lini, hakuna karatasi.

Hapa niseme wazi, maana najua maneno yanavyopata miguu: sisemi mtu ameiba. Mhadhiri asiyelipwa miezi mitatu naye ana watoto, na dukani kwa jirani yangu daftari la madeni lilijaa majina ya wahadhiri. Mngetuita mkatuambia, "Mama zetu, tumekwama, turuhusuni tutumie ya bweni," nawajua kina mama wa kanisa hili. Wangelia kidogo, wangekubali, na wangeongeza debe la maharage juu yake. Kinachouma ni kwamba hatukuulizwa. Mtu amekuachia ng'ombe wake umchungie, njaa ikaingia kwako, ukamchinja. Njaa ilikuwa ya kweli, sawa. Lakini mwenye ng'ombe hasikii habari kwa wapita njia.

Lipo na lingine, na hili kila nikilifikiria napandwa na joto. Miaka hiyohiyo usharika rafiki wa Ujerumani ulileta fedha za matangi ya maji ya mvua. Matangi yamejengwa vizuri, sina neno, hata mimi nimechota. Kabla ya miezi sita kwisha walikuwa wameshatumiwa ripoti: kurasa ishirini, picha za rangi, stakabadhi za saruji mpaka za misumari. Naijua kwa sababu niliitwa kumsaidia katibu kuzipanga karatasi. Sisi tuliochanga kwa miaka minne tulipewa asante ndani ya mahubiri, na kupigiwa makofi tukiwa tumesimama na sare zetu. Fedha ya mgeni inatolewa hesabu, fedha ya mama wa nyumbani inatolewa baraka. Na sisi makofi tuliyapenda, nisijifanye mtakatifu. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nikitabasamu.

Katika mkutano mkuu mama mmoja, jasiri kuliko mimi, aliuliza. Akajibiwa kwa Maandiko: 2 Wafalme 12, mstari wa 15, kwamba waliokabidhiwa fedha ya kutengeneza hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Ukumbi wote ukasema amina, nami nikasema. Nilipofika nyumbani nikavaa miwani nikaisoma sura nzima. Kumbe ule mstari una ndugu zake. Wasiodaiwa hesabu ni waliosimamia mafundi. Makuhani walikuwa wameachiwa fedha ya matengenezo mpaka mwaka wa 23 wa mfalme Yehoashi, na nyufa za nyumba zilikuwa bado nyufa. Mfalme akawaita, akawazuia wasipokee tena fedha mikononi mwao. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Likijaa, alikuja mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wakazihesabu wote wawili. Mtu wa hekalu na mtu wa nje ya hekalu, mikono minne juu ya fedha ileile. Uaminifu wa mstari wa 15 umekuja baada ya kasha la mstari wa 9, nao aliyetujibu hakuusoma.

Tena si Yerusalemu peke yake. Mwaka 2017, tulipoadhimisha miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, mchungaji mmoja kijana alitupa semina, na nikaandika daftarini habari ambayo sijaisikia mimbarani tangu siku ile. Mwaka 1523, katika mji mdogo wa Leisnig huko Saxony, Ujerumani, waumini walipatana mali yote ya kanisa lao iwekwe katika sanduku moja la wote. Martin Luther, aliyeanzisha Matengenezo hayo, aliupenda utaratibu huo hata akauandikia dibaji, ukapigwa chapa. Sanduku lilikuwa na kufuli nne. Ufunguo mmoja kwa makabaila, mmoja kwa baraza la mji, mmoja kwa raia wa kawaida wa mjini, wa nne kwa wakulima wa vijijini. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake. Wasimamizi walikuwa 10, na wakulima walipewa viti 3 wakati makabaila walipewa 2. Mara tatu kwa mwaka waumini walipaswa kukutana wote kuzungumzia mali hiyo. Humo ndimo angelipwa mwalimu wa wavulana, na mwanamke wa makamo wa kuwafundisha wasichana. Humo ndimo ingetoka nafaka ya wakati wa njaa.

Ninyi mtakuwa wepesi kuona kwamba katika kufuli nne hakuna ufunguo uliokabidhiwa mwanamke. Nimeliona. Na baraza la mji lilipotakiwa kukabidhi mali iliyokuwa mikononi mwake liligoma, mpaka Luther akamwandikia mtawala wao, Frederick. Kwa hiyo msidhani nimewaletea ugonjwa mpya.

Nilipokuwa naandika habari ya kufuli nne, mama aliyekaa nyuma yangu alicheka mpaka mchungaji akanyamaza. "Si VICOBA hiyo?" alisema.

Ndiyo hiyo, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana. Sanduku letu la chuma lina kufuli tatu, na washika funguo watatu ambao hawakai nyumba moja wala hawatoki ukoo mmoja. Mwekahazina analala na sanduku chini ya kitanda, lakini ufunguo hana. Mimi nimelala nalo miaka sita na sijawahi kuona ndani yake isipokuwa siku ya kikao. Fedha inahesabiwa katikati ya duara, kwa sauti. Salio likitajwa, kila mmoja analishika kichwani, hasa wale wasiojua kusoma. Kikao kijacho kikianza wanaulizwa lilikuwa shilingi ngapi, na aliyesahau anatozwa faini. Bibi mmoja wa kundi letu, aliyeishia darasa la pili, hajatozwa hata mara moja. Utaratibu wenyewe ulianzia kwa wanawake wa vijijini Niger mwaka 1991, na wengi wao hawakujua kusoma. Ndiyo maana umejengwa juu ya masikio na macho ya watu, siyo juu ya heshima ya mtu mmoja.

Kwa hiyo mjumbe mmoja wa Baraza aliponiambia kwamba fedha za chuo ni mambo ya kitaalamu, nilimwangalia tu. Umoja wetu una wahasibu wawili, mkaguzi mstaafu wa hesabu za halmashauri, na meneja wa benki aliyestaafu juzi. Una pia muuza ndizi anayejua kwa kichwa wadeni wake wote na tarehe zao, na ningeulizwa nani akae na ufunguo ningeanza na yeye.

Kila Siku ya Wanawake tunamtaja Katharina von Bora, na kila mara tunamtaja kama mke mwema. Alikuwa mke mwema. Alikuwa pia mwendesha bweni. Alipoolewa na Luther mwaka 1525 walikaa Wittenberg katika jengo la watawa lililobaki karibu tupu, naye akalijaza wanafunzi wanaolipia kulala na kula. Akalima, akafuga nguruwe, akawa na bwawa la samaki, akapika bia (wachungaji msiruke mstari huu), akasimamia shamba la Zölsdorf. Mume alikuwa mwepesi wa kugawa, mke ndiye aliyekuwa akihesabu. Hata Luther akamtania mkewe kwa kumwita bwana wake. Mwaka 1542 Luther aliandika wosia akimwachia yeye mali, na kumwamini juu ya watoto. Alipofariki mwaka 1546, bado watoto waliwekewa wasimamizi wanaume. Mwanamke aliyeshika funguo za nyumba ile zaidi ya miaka 20 alionekana hatoshi. Habari hiyo hatuihubiri tukivaa vitenge vyenye waridi.

Na sisi ni kanisa ambalo mwaka 1990 lilifungua mlango wa wanawake kuwa wachungaji. Mama anaweza kuwekea wakfu mkate na divai mbele ya umati. Lakini akisema aone taarifa ya benki, tunaanza kukohoa.

Mtasema, mbona hukuja ofisini? Nilikuja. Mara ya kwanza Mkuu wa Chuo alikuwa safarini, mara ya pili alikuwa kikaoni, mara ya tatu niliambiwa niandike barua. Hii hapa. Kama kuiandika wazi ni kosa, nimemfuata aliyetutangulia: mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani, barua iliyopigwa chapa kila mtu asome, akiwahimiza wafungue shule, za wavulana na za wasichana pia. Aliwaambia kwamba kama kila mwaka wanaweza kutoa fedha nyingi kwa silaha, barabara na madaraja, hawana sababu ya kukwama kwenye shule. Sisi ukumbi wa sherehe umejengwa, umepauliwa, umepigwa rangi, na kila Jumamosi una harusi au send-off. Bweni lina mpera.

Tena sikuandika kwa hasira peke yake. Nina hofu. Nimeona vyuo vya kanisa vikizaliwa na nimeona vikifa. Elimu ya theolojia ya pamoja ilianzia Lwandai mwaka 1947, ikahamia Makumira mwaka 1954, na mwaka 1997 Makumira ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini. Matawi yakachipua: Iringa, Moshi, Dar es Salaam, Bukoba. Cha Bukoba kilipewa jina la Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, aliyechaguliwa mwaka 1977 pale Dar es Salaam. Jina kubwa kuliko hilo tulitoe wapi? Na chuo kilifungwa. Sijui hesabu za wenzetu na sizisemei. Najua tu kwamba Tume ya Vyuo Vikuu haiangalii jina kwenye bango, na kwamba chuo binafsi leo kinaishi kwa idadi ya wanafunzi na kwa Bodi ya Mikopo. Mzazi wa binti akiuliza jambo la kwanza ni hili: atalala wapi? Nimelisikia mara nyingi kwenye maandamano ya kwaya, kwenye misiba, kwenye foleni ya maziwa. Wanasikia jibu, wanampeleka kwingine. Bweni lile lingeshalipa mishahara ile mara ngapi?

Basi tunachoomba nakisema kwa ufupi, maana katika hili sina mapambo.

Kabla ya kutaka shilingi 20,000 ya mtu yeyote, hesabu ya bweni isomwe ibadani katika kila usharika uliochangia: tulichotoa, kilichojenga, kilichokopwa, kitakavyorudi. Ikiwa hakiwezi kurudi chote, semeni hivyo. Fedha ya bweni iwe na akaunti yake, yenye watia saini watatu, na mmoja achaguliwe na wanawake wenyewe kwa kura. Sisemi apewe mama askofu kwa cheo chake. Nampenda na tunasali pamoja, lakini hatuwezi kumtuma akamkague mumewe, tutakuwa tunamwonea. Na katika Baraza la Chuo muwepo viti viwili vya wanawake kutoka sharikani, wenye kura, siyo waalikwa wa kufungua kikao kwa sala. Mabinti wanaosoma chuoni wapewe kimoja, nitafurahi zaidi.

Nimesikia inasemwa kwamba wanawake wa usharika wetu wamegoma. Hatujagoma. Mnada umefanyika kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tangu waraka wenu uliposomwa, na jana bata mmoja ameuzwa mara nne. Fedha yote ipo. Tumenunua sanduku jipya, la chuma, lenye kufuli tatu. Ufunguo wa kwanza anao yule muuza ndizi. Wa pili tumempa binti wa mwaka wa pili anayepanga karibu na kituo cha mabasi, aliyechaguliwa na wenzake; baba yake alipiga simu kuhakikisha si matatizo.

Mkuu wa Chuo, wa tatu ni wako. Haujapewa mtu mwingine, uko kwenye bahasha yenye jina la ofisi yako. Njoo uuchukue mwenyewe, usimtume dereva. Tunakutana Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, darasa la shule ya Jumapili, lile lenye viti vidogo. Tutafungua sanduku mbele yako na utahesabu pamoja nasi, kwa sauti. Njoo na karatasi za bweni kama unazo. Kama huna, njoo hivyohivyo. Chai ipo, na maandazi ni zamu ya mtaa wa chini, ambao hawajui kupunguza sukari.

Mama yenu katika Bwana,
Mwekahazina, Umoja wa Wanawake